Jibu kwa Wanaozika Somo la Brashi

Mmewasikia. Yeyote anayekusudia kufungua chaneli ya video ya kupaka rangi visanamu, vile vya plastiki na resini vyenye kimo cha milimita 28 hivi ambavyo huko Uingereza na Marekani watu wazima huvipanga mezani na kupiganisha majeshi ya kubuni, hukutana na washauri kabla hajakutana na watazamaji. Washauri hawa wana neno moja kwa sauti nyingi: rangi ni kisingizio, bidhaa ni video. Jifunze kuvuta watu, mengine yatajipa. Nimewasikiliza kwa utulivu, pengine kuliko wanavyojisikiliza wenyewe, maana hoja zao zikikalishwa pamoja hazielewani. Nitazieleza hapa kwa namna ambayo wenyewe hawataikana, nanyi wasomaji mpime.

Hoja yao kuu ni kwamba somo limekufa. Tuwatendee haki: hawasemi kwamba hakuna anayetaka kujifunza. Wanasema uwanja umejaa, kwamba namna ya kupaka joho jekundu imekwisha kuonyeshwa mara elfu, na kwamba video ya mtu aliyenunua jeshi bovu la mtumba akalifufua kwa wiki moja huvuta watu wengi kuliko video inayoonyesha ngozi ya uso inavyopakwa. Hilo la mwisho silibishii. Shindano, kisa na kioja huvuta umati, tena haraka. Lakini kuzidiwa si kufa, na mwenye hoja ya kifo ana wajibu wa kuonyesha maiti.

Tazameni wanachofanya wale wenye fedha zao mezani. Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 na yenye makao yake Nottingham, ndiyo inayotengeneza visanamu vya Warhammer. Kwa miaka kadhaa ilimweka Duncan Rhodes mbele ya kamera afundishe bure kwenye YouTube. Haikuwa sadaka: anayenunua sanduku la vipande vya plastiki ya kijivu asijue la kuvifanyia hatarudi dukani kununua la pili. Rhodes alipoondoka mwaka 2019 hakugeukia vituko. Alianzisha chuo cha mtandaoni cha kulipia, na usia wake wa kila kipindi, kwamba uzimue rangi upige mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito, ukaja kuwa jina la aina ya rangi zinazouzwa madukani. Na kampuni yenyewe ilipozindua huduma yake ya kulipia, Warhammer+, Agosti 2021, iliweka nini humo pamoja na katuni? Masomo ya kupaka rangi. Huyu ni marehemu wa ajabu, anayekatiwa tiketi kila mwezi.

Mwongezeeni Vince Venturella wa Marekani, ambaye mfululizo wake wa Hobby Cheating umepita vipindi 300. Kila kipindi huchukua jambo moja na kulibana hadi litoe maji: leo namna ya kuigiza chuma bila kutumia rangi ya chuma, kesho ngozi, keshokutwa nguo nyeusi isiyoonekana kama shimo. Video za namna hiyo hazilipuki. Hutafutwa. Mtu aliyenunua kisanamu chenye joho jeusi mwaka huu ana shida ileile ya aliyenunua miaka mitano iliyopita, na jibu lake liko palepale. Kisa cha jeshi la mtumba, kwa upande wake, kinahitaji kisa kingine wiki ijayo. Washauri wanalijua hili vizuri, kwa kuwa baadhi yao wanauza kozi za kuendesha chaneli. Yaani masomo ya video, yenye bei, juu ya kifo cha masomo ya video.

Kutoka midomo ileile hutoka shtaka la pili: chaneli zimefanya watu wote wapake sawa. Zamani, wanasema, kila meza ilikuwa na mkono wake. Sasa wote wanafuata hatua zilezile, kivuli kilekile, rangi za haraka zilezile. Hofu hii ina mizizi. Mwaka 2019 Games Workshop ilitoa rangi za Contrast, zinazopakwa mkono mmoja juu ya praima nyeupe au ya kijivu hafifu, zikajikusanya mabondeni na kuacha vilele vyeupe vyeupe. Matokeo yake hufanana kweli, kwa sababu anayeamua kivuli kikae wapi ni mchongaji wa kisanamu, kwa sehemu kubwa, na mpakaji hufuata. Lakini Contrast haikuzaliwa na chaneli. Ilitoka kiwandani.

Na hiyo zamani wanayoililia ilikuwaje? Ilikuwa na jarida la White Dwarf, lililoanza mwaka 1977, na picha za wapakaji wa kampuni, kundi la 'Eavy Metal, kwenye kurasa zake na kwenye masanduku: rangi kali, kingo zote zimepigwa mstari mwembamba wa rangi iliyopauka, kila kitu safi. Mtoto wa Birmingham aliyekuwa na jarida moja na sanduku moja alikuwa na mfano mmoja wa kuigwa. Ni video zilizomletea mbinu za rangi za mafuta walizokuwa wakitumia watengenezaji wa vifaru vya kijeshi, zikamletea ule mtindo wa giza na kutu unaofuata nyayo za mchoraji John Blanche, zikamletea Wahispania na upakaji wao wa mwanga mkali kwenye chuma. Hata hivyo, nisibishane sana juu ya ladha. Kinachonishangaza ni hesabu. Somo limekufa, tena somo hilohilo limewabadilisha wapakaji wa dunia nzima hadi wanafanana. Anayeleta mashtaka yote mawili ndani ya saa moja atuambie kwanza lipi analifuta.

Kisha huja ushauri unaopendwa kuliko yote: si lazima ujue kupaka. Watu hufuata mtu, hawafuati ustadi. Ukiwa mcheshi, ukiwa na sauti nzuri na kichwa cha habari kinachotekenya, upakaji wa wastani unatosha. Kuna chembe ya ukweli. Mstadi asiyeweza kueleza anachofanya ni mwalimu mbaya, na watazamaji humvumilia sana mtu anayejifunza hadharani akasema hivyo waziwazi. Ila mshauri amesahau kazi ya lenzi. Kisanamu cha milimita 28 kikijaza skrini yenye kimo cha sentimita 56, kimekuzwa mara 20. Uso wa milimita 4 umekuwa sentimita 8. Mstari wa kalibu ambao haukukwanguliwa, vumbi lililonaswa kwenye vanishi, unywele wa brashi uliogandia begani: mezani hakuna anayeviona, kwenye skrini hakuna asiyeviona.

Mtazameni mtu anayejua kazi anapopaka jicho mbele ya kamera. Ameichovya ncha ya brashi, akaizungusha juu ya karatasi hadi ikachongoka, kisha akaigusisha ukucha wa kidole gumba kwanza, aone inatoa rangi kiasi gani. Viganja vimeegemeana ili mikono isitetemeke. Kamera imekaa pale ambapo kichwa chake kingependa kuwa, kwa hiyo anapaka akiwa ameinama upande, na akijisahau kidogo, nywele zake zinaziba picha. Anashusha pumzi. Anagusa mara moja. Rangi ikiwa nzito imekaukia kwenye ncha kabla haijafika. Ikiwa imezimuliwa mno imekimbilia shavuni, na lenzi imeshuhudia. Ucheshi hauna dawa hapo. Anaweza kukata, naam, akaturudisha jicho likiwa limekwisha. Lakini hapo amekata kitu kilekile kilichomleta mtazamaji, na mtazamaji hakosi kulijua.

Hoja ya vifaa haistahili muda mrefu. Inasema usianze bila kamera ya bei mbaya na lenzi za kukuza. Inatolewa na watu walewale waliotuambia kwamba upakaji wa wastani unatosha. Basi hiyo lenzi ya kuonyesha kila unywele ni ya kuonyesha nini? Kinachoharibu video nyingi za wanaoanza ni taa. Balbu dhaifu katika kuonyesha rangi hugeuza nyekundu mbili tofauti kuwa moja, na somo lote lilikuwa juu ya tofauti ya hizo mbili. Halafu simu inaachiwa ijipimie mwanga yenyewe, kwa hiyo kila mkono unapoingia kwenye picha joho linabadilika rangi, na kila unapotoka linarudi. Taa mbili zenye kiwango cha uhalisia wa rangi cha 95 kwenda juu, simu iliyofungwa kwenye stendi, mipangilio ya mwanga na weupe iliyofungwa isicheze: hapo unaweza kufundisha.

Sasa fedha. Wanasema matangazo yatalipa, mradi ujue mchezo. Mchezo wenyewe, ukiwauliza, una sheria mbili. Ya kwanza: fupisha, watu hawana subira. Ya pili: vusha dakika 8, kwa kuwa tangu Julai 2020 video iliyofikia urefu huo inaweza kuwekewa matangazo katikati. Mtu mmoja hutoa sheria zote mbili bila kupepesa. Tuziache zigombane, tufanye hesabu. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo inataka waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani katika miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Una video ya dakika 20, na tuseme mtazamaji wa kawaida anakaa dakika 6 ndipo anaondoka. Unahitaji kutazamwa mara 40,000 kufika mlangoni tu. Njia ya video fupi ipo: mara milioni 10 ndani ya siku 90, na zile dakika zinazotazamwa kwenye mkondo wa video fupi hazihesabiwi kwenye saa 4,000. Kwa hiyo aliyeshika ushauri wa kwanza kwa uaminifu amejiondoa kwenye hesabu ya ushauri wa pili.

Ukishaingia, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu na asilimia 45 ya fungu lake kwenye video fupi. Si haba kama mgawo. Tatizo ni kinachogawiwa. Watangazaji hawanunui macho kwa bei moja: mtazamaji wa Chicago na mtazamaji wa Nairobi hawaleti kitu kimoja, hata wakikaa dakika zilezile, na hili anayetaka kufundisha kwa Kiswahili alijue kabla hajaacha kazi. Upande wa pili wa mizani kuna muda. Kisanamu kimoja kilichopakwa vizuri kinaweza kula saa 10 za kurekodi ili zibaki dakika 20, yaani sehemu moja katika 30, na bado hujakata, hujaweka sauti, hujaandika majina ya rangi. Hakuna mchezo wa vichwa vya habari unaofuta uwiano huo. Ndiyo maana wapakaji wengi huegemea michango ya kila mwezi kupitia Patreon, iliyoanza mwaka 2013, ambako watu hulipia mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua na nafasi ya kuuliza. Wanalipia somo, tena. Samahani kwa kulirudia, lakini ushahidi wenyewe haukomi kurudi.

Kuna hoja ya woga, nayo ina tarehe. Julai 2021 Games Workshop ilitoa mwongozo mpya wa hakimiliki ukisema haitavumilia kabisa filamu na katuni za mashabiki zinazotumia hadithi zake. Alfabusa, mtengenezaji wa mfululizo wa vichekesho juu ya Mfalme wa Warhammer 40,000, alisimamisha kazi. Washauri wakahitimisha: usiguse visanamu vya kampuni hiyo, siku yoyote watakufungia. Hitimisho limechukua kitu kimoja likakipachika jina la kingine. Mwongozo ulilenga watu wanaosimulia upya hadithi za kampuni kwa picha zinazotembea, mwezi mmoja kabla kampuni haijaanza kuuza picha zake zinazotembea. Mtu anayepaka kisanamu alichonunua, akionyesha brashi yake na mikono yake, hashindani na katuni. Anauza sanduku linalofuata, bila mshahara. Ukitaka kuwa mwangalifu, na ni vyema, usijipe jina la chaneli lenye chapa yao, wala usibandike michoro yao. Miaka imepita na masomo ya kupaka Warhammer yamejaa YouTube. Woga ungekuwa sahihi, yasingekuwepo.

Inayofanana nayo ni ile ya watoto. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, na tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli hutakiwa kutamka kama video zake zimetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ukisema ndiyo, matangazo yanayomlenga mtazamaji huondolewa na maoni hufungwa. Baadhi ya washauri husema visanamu vinafanana na vitu vya kuchezea, kwa hiyo hukumu imeshatoka. Haijatoka. Kinachopimwa ni mambo mengi kwa pamoja: nani amekusudiwa, mada ni nini, lugha gani inatumika. Masanduku ya Games Workshop yenyewe yameandikwa miaka 12 na kuendelea, na somo lenye kisu kikali, gundi ya plastiki na dakika 40 za kuchanganya kijivu halijatungwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 6. Tamka ukweli, uendelee.

Nimeiweka mwisho ile inayosemwa kwa upole kuliko zote, kwamba rangi ya bure hainifungi mdomo. Kampuni imenitumia boksi, anasema mwenye chaneli, lakini haijanilipa wala haijasoma maneno yangu, nasema ninachokiona. Tukubali kwamba ni mkweli. Sina sababu ya kumwita mwongo, na hoja yangu haihitaji uongo wake. Inahitaji kalenda tu. Boksi hufika kabla rangi haijaingia madukani. Video yenye faida ni ile inayotoka siku ya kwanza, watu wanapotafuta jina la rangi hiyo. Kati ya kufika boksi na siku ya kwanza kuna muda wa kupaka mara moja, kurekodi na kukata. Mkweli huyu ataonyesha kwa ukweli mtupu kile kinachoonekana katika muda huo, na kasoro za rangi haziishi katika muda huo.

Mfano upo. Mwaka 2022 The Army Painter ya Denmark ilitoa rangi zake za mkono mmoja, Speedpaint. Zilitiririka vizuri, zilikauka zikiacha vivuli vizuri, na bei ilipendeza. Lakini ukizipitia juu kwa rangi nyingine yenye maji, hata zikiwa zimekauka, zilikuwa zikiamka: zinayeyuka tena na kuchafua rangi ya juu, nyeupe ya makali ya upanga inageuka kuwa ya buluu mbele ya macho yako. Mwaka 2023 kampuni ikaleta toleo la pili, ikilitangaza kuwa haliamki. Waliopaka mkono wa pili juu ya toleo la kwanza waliliona tatizo kwa dakika chache. Waliopaka mmoja, wakasifu, wakazima kamera, hawakuona kitu, na hawakudanganya hata neno.

Sasa huyo anayesema hainifungi mdomo atujibu hivi: taratibu za Tume ya Biashara ya Marekani na za wasimamizi wa matangazo wa Uingereza zinamtaka aliyepewa bidhaa bure aseme wazi kwamba amepewa. Kwa nini wazitunge kama zawadi haibadilishi kitu? Wengi husema, kwa haraka, sekunde ya tatu, halafu wanaendelea kana kwamba kutamka kumesafisha. Kutamka kunatuambia rangi imetoka wapi. Hakutuambii kama amewahi kuipitia mara ya pili. Hilo mtazamaji anaweza kulikagua mwenyewe: asimamishe video, atafute pale ambapo brashi yenye rangi mbichi inapita juu ya rangi iliyokauka. Kama picha inaruka kutoka mkono wa kwanza hadi kisanamu kilichokamilika, alichotazama ni tangazo, liwe limelipiwa au halikulipiwa.